Mwenyekiti wa mtaa anayeandika uchambuzi wa filamu: niichambue filamu iliyoshutiwa mtaani kwangu au nikae kimya?

Mtazamaji wa Pwani:

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nina jambo linanikaba, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe maana humu ndani nawajua.

Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa hapa Tanga mjini, kata siitaji, niliingia kwenye uchaguzi ule wa Novemba 27, 2024, nina miaka 28 na tukikaa kikao cha wenyeviti wa kata yetu mimi ndo natumwa maji. Kabla ya siasa na mpaka leo naandika uchambuzi wa filamu, nilianza nikiwa chuo, naweka kwenye blogu halafu nafupisha kwa ajili ya Facebook na magrupu ya WhatsApp, nachambua za kwetu, za Kenya, za Wanigeria, Wakorea nao siwaachi. Sio kwamba mimi ni maarufu, hapana, ila wanaopenda filamu wananisoma na wananijua sipepesi macho, kitu kibaya nasema kibaya na naeleza kwa nini.

Sasa mwaka jana wakaja vijana kutoka Dar kushuti filamu mtaani kwetu. Walikuja vizuri tu, wana kibali cha Bodi ya Filamu, wakapita halmashauri kwa afisa utamaduni, ndo wakateremka ofisini kwetu. Mtendaji akapokea barua zao akagonga muhuri, mimi kazi yangu ikawa kuwazungusha, hii ndo familia mtakayotumia ua wake, mzee huyu msimpigie kelele wakati wa swala, jenereta liwekeni kule nyuma. Usiku walikuwa wanashuti mpaka saa nane, watu wananigongea dirisha mwenyekiti hatulali, natoka na kikoi kiunoni kwenda kuwaomba wazime taa. Majirani kibao wakachukuliwa ekstra kwenye sini ya msiba, wakapewa soda na kahela kidogo, mtaa mzima ukawa na raha.

Filamu imetoka, ipo mtandaoni, nimeitazama nikairudia, wakuu haina kichwa wala miguu. Chukueni hiyo sini ya msiba peke yake. Marehemu kafa alfajiri, tunaambiwa anazikwa baada ya adhuhuri, waombolezaji wamekaa kwenye jamvi na kivuli cha mwembe kimelala mrefuuu, hiyo ni saa kumi na moja jioni kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa chini ya mwembe. Ndani kuna saa ya ukutani ya mwenye nyumba, ile saa mimi naijua, iliganda zamani kwenye saa nne na dakika kumi, basi ni saa nne na dakika kumi mchana, ni saa nne na dakika kumi usiku, na ile sini ya miaka mitano baadaye mtoto keshakuwa mkubwa bado ni saa nne na dakika kumi. Sauti ndo usiseme, upepo wa baharini umekula nusu ya maneno, mjane analia anaeleza jambo zito kabisa wewe unasikia vuuuu.

Hayo yote ningeandika bila tabu. Tabu ni kwamba kwenye hadithi yenyewe yumo mwenyekiti wa mtaa na ni mla rushwa, anauza kiwanja cha mjane kwa watu wawili tofauti. Nikiandika filamu mbovu watasema imemchoma, anajitetea. Nikiisifia nitakuwa nimedanganya na wanaonisoma watajua. Nikinyamaza, dairekta mwenyewe hanipi nafasi, kila mara simu, mwenyekiti vipi tunasubiri kalamu yako. Na juu ya hapo kuna mzee mmoja wa chama, namheshimu sana, kaniita pembeni akasema mwanangu mambo ya sinema waachie watoto, kama unautaka udiwani 2030 uwe umeshaacha.

Niandike, ninyamaze, au ndo niache kabisa? Nawasilisha.

chapati_mbili:

Nimesoma yote mwenyekiti ila jina la filamu umelificha wapi? Unataka tuamue kesi bila kidhibiti?

Karani Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Nimekaa halmashauri miaka mingi, nimeandika mihtasari ya vikao mpaka vidole vikaota sugu, ngoja nikwambie ninavyoliona.

Hakuna sheria inayomkataza mwenyekiti wa mtaa kuandika habari za filamu. Kazi yenu hiyo haina hata mshahara, mnaishi kwa posho ambayo inategemea halmashauri imekusanya nini na imekumbuka nini, kwa hiyo mtu akikwambia acha shughuli zako muulize kwanza utakula nini. Kalamu yako haina kosa. Kosa linaweza kuwa kwenye kiti.

Kwenye vikao vya halmashauri, tangu zile sheria za serikali za mitaa za 1982, mjumbe akiwa na maslahi kwenye ajenda anatakiwa aseme mapema kabla mjadala haujaanza, na kura hapigi. Nimeona diwani ana duka sokoni, ajenda ni ushuru wa soko, mwenyekiti anauliza nani ana maslahi, bwana yule anaangalia dari. Wote tunajua duka ni lake, tumenunua sukari pale! Sasa wewe usiangalie dari. Ulishiriki kuwapokea, uliwatafutia nyumba, uliwatetea kwa majirani. Wewe sio mtazamaji wa kawaida wa filamu hiyo, una mkono humo ndani.

Na fikiria kundi litakalokuja baada ya hawa. Wataingia ofisini kwako na barua yao huku wanajua huyu bwana mwaka kesho atatuandika. Wapo watakaoogopa waende mtaa wa pili, hasara kwa mama zako wa ekstra. Wapo watakaokuja na kibahasha, mwenyekiti hii ya maji. Hiyo ya maji unadhani ni ya barua au ya uchambuzi? Hata wao hawatakwambia. Ukifika udiwani ndo utajaza na fomu za Sekretarieti ya Maadili, mali zako na mapato yako, uanze kuzoea sasa.

Ushauri wangu, filamu iliyopita mezani kwako usiichambue. Nyingine zote duniani chambua mpaka uchoke.

Nyundo Baridi:

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Hapa hakuna kesi ya filamu, kuna kampeni. Kijana keshasema mwenyewe udiwani 2030, umri alishautimiza zamani maana ni 21 tu, kabakiza jina. Uzi mzima huu ni jina. Hongera lakini, mbinu nzuri kuliko kugawa fulana.

Halafu hiyo blogu ina leseni? Mnakumbuka 2018 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walivyoleta zile kanuni za maudhui, leseni ya blogu ikawa inazidi milioni, watu wakafunga blogu usiku kwa usiku. Najua kanuni zimerekebishwa tena na tena tangu hapo ila mwenyekiti wa mtaa akikutwa hajui zinasemaje leo itakuwa kichekesho.

Mtazamaji wa Pwani:

@Nyundo Baridi ningekuwa natafuta jina ningeisifia filamu mkuu, mtaa mzima umo humo ndani, ningepiga picha na ekstra wote tukavaa sare. Kuhusu leseni hoja umeipiga, nilishaenda kuulizia na nitarudi niwe na jibu la maandishi.

Mzee @Karani Mstaafu nashukuru, hilo la kundi litakalofuata sikuwa nimelifikiria kabisa. Ila linaniuma kidogo maana filamu ya mtaani kwangu ndo ninayoweza kuichambua kuliko mtu yeyote. Nani mwingine anajua ile saa imeganda?

Kamera Moja:

Nimesubiri povu lishuke ndo niandike maana mimi natengeneza hizo hizo filamu zisizo na kichwa wala miguu.

Mwenyekiti unajua sauti ya nje pwani inarekodiwaje? Unahitaji maiki nzuri, manyoya ya kuzuia upepo, na mtu wa sauti ambaye kazi yake ni hiyo tu. Kwenye bajeti zetu mtu wa sauti ndo huyo huyo anapanga viti na anamfuata ekstra aliyekwenda kununua vocha. Maneno yakiharibika dawa yake ni kuwaita waigizaji studio warudie, na muigizaji alishalipwa akaondoka, ukimuita tena anataka nauli na hela ya siku. Ndo unaona mjane analia vuuuu. Sitetei, nakueleza tu inavyokuwa.

Na kivuli cha mwembe, mimi nakwambia bila kuwepo kwamba walipanga kuanza saa nne asubuhi, jenereta likagoma au muigizaji mkubwa akachelewa basi, wakaanza saa tisa. Kila lokesheni ni hivyo.

Sasa nikupe upande wa pili na hapa nataka unisikie. ANDIKA. Kwa sababu hakuna anayetuandika. Zamani tulikuwa na kisingizio, enzi za DVD, kabla muigizaji Kanumba hajafariki Aprili 2012 na miaka michache baadaye, msambazaji wa Kariakoo ananunua masta yako, anaigawa part one na part two auze mara mbili, mzigo unaisha, nani alikuwa na haja ya mchambuzi? Kava ndo ilikuwa inauza. Halafu zikaja stempu za kodi za TRA kwenye DVD 2013, zikaja flashi, mtu anajaziwa muvi ishirini kwenye kibanda kwa bei ya maandazi, DVD ikafa. Leo tuko Yutyubu na kwenye chaneli za Azam na DStv, na ukisoma komenti chini ya kazi yako unakuta mbili tu, "kazi nzuri Mungu akubariki" na "takataka". Nifanyie nini takataka? Takataka wapi, dakika ya ngapi?

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipotoka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, mazungumzo ni Kiswahili, Zanzibar mwanzo mwisho, lakini uhakiki wa kwanza niliousoma mimi ulikuwa wa Kiingereza ulioandikwa na mtu aliyeiona Toronto. Nilikasirika, sio kwa aliyeandika, kwa sisi. Ukiacha pale Ngome Kongwe Zanzibar wakati wa tamasha la filamu la ZIFF ambapo mtu anaweza kusimama akakuuliza ulikuwa unafikiria nini kwenye sini ile, huku kwingine mtengeneza filamu anazeeka bila kuulizwa swali hata moja la maana.

Wewe umeona saa iliyoganda. Dairekta hakuiona, edita hakuiona, muongozaji picha hakuiona. Hiyo ndo kazi. Ila nikuulize, huyo mwenyekiti mla rushwa muigizaji wake alikuwaje? Mbona umeruka?

Mtazamaji wa Pwani:

@Kamera Moja aisee umenishika pabaya. Yule ndo kitu pekee kizuri kwenye filamu nzima.

Ngoja niwaeleze. Anakuja yule mjane na kijana wake kutaka barua. Mwenyekiti hachukui hela mkononi, hata kuitazama haitazami. Anafungua daftari la wakazi, analisukuma kidogo mbele kwenye meza, anasema "hebu jiangalie kama umo", halafu anageuka kufunga dirisha, na dirisha lenyewe halikuwa na shida yoyote. Mjane anaweka noti ndani ya daftari. Anarudi, anafunga daftari bila kulitazama, anachukua muhuri anaugonga kwenye kidau mara mbili tatu, anautazama, anasema kwa masikitiko kabisa "wino umekauka, njoo kesho". Yani noti haikutosha! Na anaisema kwa upole, kama mtu anayekuonea huruma.

Nilicheka peke yangu usiku halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu watu wazima wa mtaa huu wanaijua hiyo ya wino. Nilipoingia ofisini bibi mmoja alikuja kwa shida yake, kabla sijamkaribisha kiti akaniuliza, mwanangu wino upo leo?

Muigizaji huyo sijui katokea wapi, kwenye majina ya mwisho kaandikwa wa kumi huko.

Kamera Moja:

Sasa huo ndo uchambuzi. Umeuandika tayari, unaomba ushauri wa nini?

chapati_mbili:

Hiyo ya wino nimeisikia kwa sauti kabisa 😂😂 kuna mtu ofisini kwetu ni "mtandao uko chini"

Mdigo wa Kisauni:

Hamjambo jirani zetu. Mie naandika kutoka Mombasa, mipaka ni ya serikali, mie shangazi zangu wako Horohoro na Tanga huko.

Nataka kuongeza kitu ambacho naona mmekipita. Wasanii kuingia siasa si jambo geni tena. Kwenu Sugu alichukua ubunge Mbeya 2010, Profesa Jay akachukua Mikumi 2015, na hapo hapo mkoani kwenu MwanaFA alipata Muheza 2020 mpaka akawa naibu waziri wa mambo hayo hayo ya sanaa. Huku kwetu 2017 kiti cha Starehe Nairobi kilienda kwa Jaguar, mwanamuziki, na miongoni mwa waliomenyana naye ni Boniface Mwangi, yule mwanaharakati mpiga picha, kampeni yake ikatolewa dokumentari 2020 inaitwa Softie. Itafute mwenyekiti, wewe hasa, utaona namna siasa inavyoingia mpaka meza ya kulia chakula na mke na watoto.

Lakini hao wote walikuja na mapenzi ya watu. Mwimbaji watu wanampenda kabla hajaomba kura. Mchambuzi nani anampenda? Kazi yake ni kusema hiki hakijakaa sawa. Ndio maana huoni wachambuzi kwenye karatasi za kura, na ndio maana huyo mzee wa chama ana wasiwasi, si kwamba sinema ni mambo ya kitoto, wasiwasi wake ni kwamba umezoea kusema ukweli hadharani na kwa jina lako. Leo ni filamu, kesho ni bajeti ya kata.

Jambo la pili na hili ndilo kubwa kwangu. Sisi mtu wa serikali akisema filamu ni mbaya, tunasikia marufuku. Hatuna masikio mengine. Mwaka 2018 bodi yetu ya filamu iliipiga marufuku Rafiki, ile ya wasichana wawili wanaopendana, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, na nyumbani ikawa haionekani. Mwenye filamu akaenda mahakamani, Septemba jaji akafungua siku saba tu, watu wakapanga foleni Nairobi, siku saba zikaisha mlango ukafungwa. Na hata kwenu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976, ilikuwepo kabla hujazaliwa na inampa mkubwa nguvu ya kusema hii ionyeshwe hii isionyeshwe. Kwa hivyo wewe ukiandika "haina kichwa wala miguu", yule mwenye kibanda umiza, cha kuonyesha video, mtaani kwako hatasoma kama maoni ya kijana apendaye filamu. Ataiondoa kwenye ubao wake wa leo usiku. Hujamwambia aiondoe! Lakini leseni yake na ugomvi wake na majirani juu ya kelele vyote vinapita kwako.

Hapo ndipo ningeangalia mie. Si kama una haki ya kuandika, haki unayo, ila neno lako likifika mtaani linafika likiwa zito kiasi gani.

Nyundo Baridi:

Huyu wa Mombasa kanishinda, nakubali. Hilo la kibanda umiza ni kweli tupu, kwetu Mabibo diwani alisema tu kwenye msiba kwamba hapendi vijana wanavyokesha kwenye mabanda ya mpira, wiki hiyo hiyo mgambo wakabeba deki na spika. Hakutuma mtu.

Mama Wawili:

Assalam aleikum. Na mie ni mkazi wa hapa hapa Tanga, sijui kama ni mtaa wako au wa jirani, lakini mtaro wa kwetu umeziba tangu mvua za masika na taa ya nguzo ya kona haiwaki, kwa hiyo nilipoona mwenyekiti ana muda wa kutazama filamu na kuirudia nikasema hee.

Nikasema ngoja nisome. Nimesoma, hasira imepungua. Marehemu baba yangu alikuwa haikosi sinema ya Majestic, Jumapili anavaa suruali ya kupiga pasi na mama kajifunika buibui lake, wanakwenda kuona picha ya Kihindi, Kihindi chenyewe hawakijui hata neno, wanarudi wanabishana njia nzima kama yule mama mkwe alikuwa na haki. Sisi watoto tumejifunza sinema kwa ubishi wao kabla hatujaingia sinema. Kwa hiyo uchambuzi mnaouona wa maana leo ulikuwepo, haukuandikwa tu. Na Lufufu kwenye mabanda ya video alikuwa akifanya nini? Anatafsiri huku anamsema muigizaji, "huyu mjinga hajui kama nyuma kuna mtu"!

Mwanangu mwenyekiti, hao akina mama waliochukuliwa ekstra umewauliza wao wameionaje? Mie ningekuwa mmoja wao nimekaa juani kwenye jamvi nalia machozi ya vitunguu halafu nakuja kuonekana kisogo tu, ningekuwa na maneno. Funga shuka jeupe uwanjani, iwekeni mtaa uitazame, kisha watu waseme. Wewe kaa kwenye jamvi kama wengine, na dairekta aje asikie mwenyewe badala ya kukupigia simu kila siku.

Na mtaro usisahau.

Karani Mstaafu:

Mama Wawili umenena, ila hapo kwenye shuka jeupe nina tahadhari. Maonyesho ya hadhara yana utaratibu wake, wenye filamu waridhie kwa maandishi na afisa utamaduni ajue, maana kesho huyo huyo dairekta atasema mwenyekiti kaonyesha kazi yangu bure. Na mwenyekiti asichukue kipaza sauti! Akikichukua umeshakuwa mkutano wa hadhara.

Mtazamaji wa Pwani:

Wakubwa nimekaa na maneno yenu. Mtaro mama yangu umeingia kwenye taarifa ya kamati ya mtaa, kama ni wa kwetu nitaujua tu, mitaro iliyoziba ya mtaa huu naijua kwa majina.

Nimeamua kuandika ila sio kama ninavyoandika nyingine. Alama siweki. Blogu yangu huwa naweka alama kati ya kumi, hapa hapana, na kuanzia sasa filamu yoyote iliyopita ofisini kwetu haipati alama wala haiingii kwenye orodha yangu ya mwaka. Sababu naiweka juu kabisa kabla ya kitu kingine chochote. Na mzee wa chama nimekwenda kumuona nyumbani kwake nikamwambia siachi, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza hiyo filamu inapatikana kwenye simu ya aina gani. Nikamuwekea. Sijui amefika wapi.

Mwanzo wenyewe huu hapa, nipigeni msasa:

"Kabla hujasoma: mimi ni mwenyekiti wa mtaa ilikoshutiwa filamu hii. Niliwapokea watengenezaji, niliwatafutia nyumba, na usiku niliwaomba wazime taa. Sikulipwa. Kwenye hadithi yumo mwenyekiti mla rushwa na nakwambia mapema kwamba ndiye mhusika bora wa filamu hii, kuliko mjane, kuliko kijana wake, kuliko wakili anayetoka mjini na suti isiyomtosha. Muigizaji wake haombi hela hata mara moja. Anafunga dirisha. Tazama mikono yake kuanzia pale mjane anapoingia, tazama anavyolisukuma daftari kwa vidole viwili, halafu uniambie kama hujawahi kukaa mbele ya meza ile. Kinachoiangusha filamu ni kwamba ikitoka kwenye meza hiyo haijui iende wapi, inakwenda msibani, na msibani maiki haikuwa na mtu wa kuishika. Saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwenye nyumba anasema angeambiwa angeitoa."

Mwenye nyumba nilimuuliza kweli, ndivyo alivyosema, na ana hasira maana na yeye kaonekana kisogo tu.

Mdigo wa Kisauni:

Hapo sawa. Maneno "kinachoiangusha" yaache, usilainishe. Na mwenye kibanda umiza umpitie mwenyewe umwambie aionyeshe, ukimtumia mtu atafahamu vingine.

Kamera Moja:

Nzuri. Marekebisho mawili tu. Usiseme maiki haikuwa na mtu wa kuishika maana hukuona, wewe ulikuwa unazima taa, sema sauti ya msibani ni ya maiki ya juu ya kamera, hiyo inasikika yenyewe, kila mtu anasikika yuko mbali sawasawa na upepo umeingia moja kwa moja. Na jina la huyo muigizaji liweke kamili kama lilivyo kwenye majina ya mwisho, hata kama ni wa kumi. Watu wa kutafuta waigizaji tunatafuta majina gugo, akikosa kuandikwa mahali hata mara moja hatumpati, tunarudia wale wale. Mimi nina skripti mezani ina afisa mikopo, nataka kumuona.

Mtazamaji wa Pwani:

Sauti nimerekebisha, jina nimeliweka sentensi ya pili. Namba yake nitamuomba dairekta leo leo, akipiga tena.